Wastani wa bei hautoshi: Mkulima wa karafuu atazame nini kabla ya kununua hisa

KILA msimu wa karafuu unapokaribia mwisho kisiwani Pemba, fedha nyingi huingia mikononi mwa wakulima kwa muda mfupi. Aliyefikisha magunia yake kwenye kituo cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar (ZSTC) hulipwa kwa uzito na kwa daraja, kisha huanza kuzigawa fedha hizo: malipo ya wachumaji, deni la dukani, mahitaji ya skuli ya watoto, mabati ya nyumba, palizi ya shamba. Kinachobaki ndiyo akiba ya kuvukia miaka ambayo mikarafuu haizai.

Kwa muda mrefu akiba hiyo ilikwenda kwenye ng'ombe, kiwanja, duka au chombo cha uvuvi. Katika miaka ya karibuni njia nyingine imeongezeka, nayo ni hisa za kampuni. Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE) lilianza biashara Aprili 1998, na kampuni ya kwanza kuorodheshwa ilikuwa TOL, inayotengeneza gesi za viwandani. Wakati huo mtu wa Wete au Mkoani aliyetaka hisa alilazimika kuvuka bahari. Leo anaweza kununua na kuuza kwa simu akiwa nyumbani, kupitia huduma ya Hisa Kiganjani ya soko hilo au kupitia dalali wa hisa mwenye leseni.

Urahisi huo umekuja na hatari yake. Wengi huamua kwa kusikia namba moja tu. Mmoja ataambiwa kwamba bei ya kampuni fulani imepanda maradufu. Mwingine ataambiwa kwamba faida yake kwa wastani ni asilimia 20 kwa mwaka. Namba hizo zinaweza kuwa za kweli kabisa na bado zikampotosha msikilizaji, kwa sababu namba moja haiwezi kusimulia bei za miaka kumi.

Ipo hesabu ya kufupisha namba nyingi kuwa chache bila kuzipotosha. Inahitaji daftari, kalamu na kikokotoo cha simu, na sehemu kubwa yake mkulima wa Pemba anaijua tayari kutoka shambani.

Wastani na namba ya kati

Mikarafuu haizai sawa kila mwaka. Mwaka wa neema ukipita, huweza kufuata miaka miwili au mitatu ya mavuno haba kabla ya miti kuzaa tena kwa wingi. Chukua mfano wa shamba moja la Pemba ambalo katika miaka mitano limetoa kilo 900, 150, 100, 250 na 100 za karafuu kavu. Jumla ni kilo 1,500. Ukigawa kwa miaka mitano, wastani ni kilo 300 kwa mwaka.

Hata hivyo, hakuna mwaka hata mmoja ambao shamba hilo lilitoa kilo 300. Katika miaka minne kati ya mitano lilitoa pungufu ya hapo. Mwaka mmoja wa neema ndio uliovuta wastani juu. Mkulima atakayekopa kwa kutegemea kilo 300 kila mwaka atashindwa kulipa mara nne katika miaka mitano.

Sasa zipange namba hizo kuanzia ndogo hadi kubwa: 100, 100, 150, 250, 900. Ile iliyo katikati kabisa ni 150. Hii ndiyo namba ya kati, ambayo katika hesabu za skuli huitwa mediani. Inaeleza mwaka wa kawaida ulivyo. Wastani unapokuwa mkubwa kuliko namba ya kati kwa kiasi kikubwa, kama 300 dhidi ya 150, ni dalili kwamba kuna namba moja au mbili kubwa zilizobeba zilizobaki.

Kanuni hiyohiyo inafanya kazi kwenye hisa. Mtu akisema kampuni fulani imekuwa ikipanda kwa wastani wa asilimia 15 kwa mwaka, swali la kwanza ni hili: mwaka wa katikati ulikuwa wa asilimia ngapi? Inawezekana kwamba mwaka mmoja ilipanda asilimia 80 na miaka mingine haikusogea.

Mazoea ya bei ya tangazo

Kuna tofauti moja ambayo humkuta mkulima wa karafuu bila maandalizi. Bei ya karafuu kwa mkulima hutangazwa. Akishajua bei ya daraja la kwanza, la pili na la tatu, anajua atapata nini akifika kituoni, leo au wiki ijayo. Hofu yake iko kwenye mvua inayonyesha wakati karafuu ziko jamvini, kwenye wachumaji na malipo yao kwa pishi, na kwenye ukubwa wa mavuno.

Nyuma ya tangazo hilo ipo bei ya dunia, ambayo haitulii. Wazee wa Pemba wanakumbuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 tani ya karafuu iliuzwa nje kwa maelfu ya dola. Indonesia, ambayo ndiyo mtumiaji mkubwa wa karafuu duniani kwa ajili ya sigara zake za kretek, ilipopanda mikarafuu yake na kujitosheleza, bei iliporomoka, na katika miaka ya 1990 tani ilifika kuuzwa chini ya dola 1,000. Wakulima wengi waliacha kupalilia, na mashamba mengine yakageuka vichaka.

Kwenye hisa hakuna anayetangaza bei kwa msimu. Bei ya leo ni ile ambayo mnunuzi mmoja na muuzaji mmoja wamekubaliana leo, na kesho inaweza kuwa nyingine. Ndiyo maana swali la pili, baada ya wastani, ni kiasi gani bei hiyo huyumba.

Mtawanyiko wa bei

Tuchukue kampuni mbili za mfano. Bei zao za mwisho wa mwezi kwa miezi kumi, kwa shilingi, ni hizi:

Kampuni ya kwanza: 480, 490, 500, 500, 510, 500, 490, 510, 520, 500.

Kampuni ya pili: 400, 420, 410, 400, 420, 440, 430, 450, 780, 850.

Jumla ya kila mstari ni 5,000, kwa hiyo wastani wa kampuni zote mbili ni shilingi 500. Anayetazama wastani peke yake ataona kampuni hizo ni sawa. Namba ya kati inaanza kuzitenganisha: ya kwanza ni 500, ya pili ni 425.

Sasa toa bei ya chini kabisa kwenye bei ya juu kabisa. Kampuni ya kwanza: 520 kutoa 480 ni shilingi 40. Kampuni ya pili: 850 kutoa 400 ni shilingi 450. Hesabu hii ya dakika moja tayari inaonyesha kwamba aliyenunua ya pili kwa 850 amenunua kwenye kilele cha miezi kumi, na kwamba ikirudi ilikokuwa atapoteza karibu nusu ya fedha zake.

Kipimo kizuri zaidi ni kuangalia kila bei iko mbali kiasi gani na wastani. Kwa kampuni ya kwanza, umbali kutoka 500 ni 20, 10, 0, 0, 10, 0, 10, 10, 20 na 0. Jumla ni 80, na ukigawa kwa kumi unapata shilingi 8. Kwa kampuni ya pili jumla ya umbali ni 1,260, sawa na shilingi 126 kwa kila mwezi. Wataalamu hutumia njia iliyo ndefu kidogo, ambapo kila umbali huzidishwa kwa wenyewe, hutafutwa wastani wake, kisha kipeuo cha pili. Jibu lake huitwa mkengeuko sanifu, na hapa ni takriban shilingi 11 kwa kampuni ya kwanza na 159 kwa ya pili. Njia zote mbili zinatoa habari ileile: bei ya kampuni ya pili inayumba zaidi ya mara kumi.

Kuyumba si kosa la kampuni. Bei inayoyumba ndiyo pia inayoweza kupanda sana. Linalotakiwa ni kulinganisha kuyumba huko na shughuli iliyowekewa fedha. Fedha za safari ya Hija ya mwaka ujao, au za kumalizia nyumba kabla ya masika, haziwezi kusubiri bei irudi. Fedha ambazo mwenyewe hatazihitaji kwa miaka saba au minane zinaweza.

Bei isiyotikisika

Mtu akishajifunza mtawanyiko, hukimbilia kampuni ambayo bei yake haisogei kabisa. Hapo napo pana mtego, na katika soko la Dar es Salaam mtego huo ni wa kila siku.

Mwanzoni mwa miaka ya 2020, hisa za kampuni ya bia ya TBL zilikaa kwa muda mrefu kwenye bei ya shilingi 10,900, na zile za kampuni ya sigara ya TCC kwenye shilingi 17,000. Ukipiga hesabu ya mtawanyiko kwa kipindi kama hicho utapata sifuri au karibu na sifuri. Kwa kutazama namba tu, hizo zingeonekana kuwa hisa tulivu kuliko zote nchini.

Maelezo yako kwingine. Sehemu kubwa ya hisa za kampuni hizo iko kwa wamiliki wakubwa ambao hawauzi. Kwa TCC, robo tatu ya hisa zinamilikiwa na kampuni ya kimataifa ya JTI. Zinazobaki kwa wananchi ni chache, na siku nyingi hakuna anayeuza wala anayenunua kwa bei mpya. Biashara isipofanyika, taarifa ya soko hurudia bei ya mwisho. Kwa hiyo 10,900 ya leo inaweza kuwa bei ya wiki zilizopita iliyoandikwa tena.

Mkulima anaweza kulifikiria jambo hilo kwa mfano wa kiwanja. Mwenye kiwanja Chake Chake anaweza kusema kwa miaka mitatu kwamba kina thamani ya milioni 20. Siku anapotaka kuuza ndipo hujua kama yuko mtu wa kutoa milioni 20.

Kwa hiyo kwenye daftari, kando ya bei, ni lazima paandikwe idadi ya hisa zilizouzwa siku hiyo. Taarifa ya kila siku ya DSE huionyesha. Katika siku 20 za soko, zihesabiwe siku ambazo hisa za kampuni hiyo ziliuzwa. Kama ni siku 18, mwenye hisa akitaka fedha zake atazipata bila shida kubwa. Kama ni siku mbili, mtawanyiko mdogo hauna maana, na mwenye haraka atalazimika kushusha bei ili apate mnunuzi.

Hasara ya nusu haifutwi na faida ya nusu

Hesabu ya asilimia nayo huwachanganya wengi. Mfanyabiashara aweke shilingi milioni moja. Mwaka wa kwanza ipande asilimia 50, mwaka wa pili ishuke asilimia 50. Wastani wa 50 na kutoa 50 ni sifuri, na mtu angedhani amerudi alipoanza. Fedha zenyewe zinasema vingine: milioni moja imekuwa milioni moja na nusu, kisha nusu yake, yaani shilingi 750,000. Ameshapoteza robo ya mtaji.

Sababu ni kwamba asilimia ya pili ilipigwa juu ya kiasi kikubwa zaidi. Aliyepoteza nusu ya fedha zake anahitaji kupanda kwa asilimia 100 ili arudi alipokuwa. Aliyepoteza theluthi anahitaji asilimia 50. Kwa hiyo ni salama zaidi kutazama shilingi za mwanzo na shilingi za mwisho, kuliko kujumlisha asilimia za kila mwaka na kuzigawa.

CRDB: kampuni moja, wanunuzi watatu

Mfano mzuri kutoka soko lenyewe ni Benki ya CRDB, ambayo hisa zake zina wanunuzi wengi wadogo. Mwaka 2009 iliuza hisa kwa umma kwa shilingi 150 kila moja na kuorodheshwa DSE Juni mwaka huo. Mwaka 2015 iliwauzia wanahisa wake hisa za nyongeza kwa shilingi 350. Baadaye bei ilianguka, na karibu na mwaka 2020 hisa hiyo ilifika kuuzwa chini ya shilingi 100. Kisha ikapanda tena, na mwaka 2024 ilivuka shilingi 600.

Tuseme watu watatu waliweka shilingi milioni moja kila mmoja. Wa kwanza alinunua mwaka 2009 kwa 150 na kupata hisa 6,666. Wa pili alinunua mwaka 2015 kwa 350 na kupata hisa 2,857. Wa tatu alinunua karibu na mwaka 2020 kwa 100 na kupata hisa 10,000.

Bei ilipokuwa 100, milioni moja ya mtu wa kwanza ilikuwa imebaki shilingi 666,600, na ya mtu wa pili shilingi 285,700. Kama mmoja wao alikuwa na mgonjwa wa kupeleka Dar es Salaam wakati huo, aliuza kwa hasara na hadithi yake iliishia hapo. Bei ilipofika 600, hisa za wa kwanza zilikuwa na thamani ya karibu shilingi milioni 4, za wa pili shilingi 1,714,200, na za wa tatu shilingi milioni 6. Hesabu hizi hazijumuishi gawio, wala hazijatoa ada za soko.

Benki ni moja na bei ni zilezile. Kilichowatofautisha watu hao ni siku ya kununua na siku ya kuhitaji fedha, mambo ambayo wastani wa bei wa miaka hiyo hauyaonyeshi.

Mfano huo pia unaonyesha jinsi wastani wa mwaka unavyoweza kutumiwa kupamba. Mtu wa kwanza amepata mara nne ya fedha zake katika miaka 15, yaani faida ya asilimia 300. Muuzaji mjanja atagawa 300 kwa 15 na kutangaza asilimia 20 kwa mwaka. Ukweli ni kwamba fedha zinazokua na kurundikana juu ya zilizotangulia huhitaji asilimia 9.7 tu kwa mwaka ili ziwe mara nne baada ya miaka 15. Tofauti kati ya 20 na 9.7 ni kubwa, hasa ikikumbukwa kwamba vitu navyo hupanda bei. Mwishoni mwa mwaka 2011, kwa mfano, mfumuko wa bei Tanzania ulikaribia asilimia 20.

Mambo hayo hayako Dar es Salaam peke yake. Jirani kule Kenya, Safaricom iliuza hisa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 5 za Kenya, na mwaka uliofuata zikashuka chini ya 3. Mwaka 2021 zilipita 40, na mwaka 2023 zilikuwa zimerudi chini ya 15. Aliyenunua mwaka 2008 alikuwa bado na faida. Aliyenunua mwaka 2021 kwa kusikia sifa alikuwa amepoteza zaidi ya nusu.

Uzito wa namba

Katika taarifa za habari husikika kwamba soko limepanda au limeshuka kwa asilimia fulani. Hicho nacho ni kipimo cha muhtasari, nacho kina namna yake ya kupotosha.

Tuseme mkulima ameuza kilo 100 za daraja la kwanza kwa shilingi 14,000, kilo 100 za daraja la pili kwa 12,000 na kilo 300 za daraja la tatu kwa 10,000. Wastani wa bei tatu ni shilingi 12,000. Alichopokea ni shilingi milioni 5.6 kwa kilo 500, yaani shilingi 11,200 kwa kilo. Aliyepanga matumizi kwa 12,000 atakuta pungufu la shilingi 400,000. Kosa ni kusahau kwamba daraja la tatu ndilo lililokuwa zito.

Kiashiria cha soko la Dar es Salaam kiitwacho DSEI hupima kampuni kwa uzito kama huo. Kampuni yenye thamani kubwa hukivuta zaidi kuliko ndogo. Ndani yake zimo pia kampuni za Kenya zilizoorodheshwa Dar es Salaam zikiwa tayari ziko kwenye soko la Nairobi, zikiwemo EABL, KCB na Kenya Airways. Bei zikishuka Nairobi, kiashiria cha Dar es Salaam kinaweza kuteremka ilhali hisa za kampuni za nyumbani hazijasogea. Kwa sababu hiyo DSE ina kiashiria kingine, TSI, chenye kampuni za Tanzania pekee. Mwenye hisa za saruji au za benki ya ndani atazame hicho cha pili, na zaidi ya yote atazame kampuni yake mwenyewe.

Yasiyomo kwenye daftari

Namba za zamani zinaeleza yaliyokwisha kutokea. Mwaka 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake, na Pemba, ambayo iliathirika kidogo, ikawa tangu hapo ndiyo kisiwa cha karafuu. Mwenye shamba wa Unguja angeweza kuwa na daftari safi la mavuno ya miaka 20 kabla yake, na lisingemwambia lolote kuhusu siku hiyo. Vivyo hivyo, miaka mitano ya bei tulivu si ahadi ya mwaka wa sita.

Namba zilizonyooka kupita kiasi nazo zitiliwe shaka. Watu wengi Tanzania Bara walipeleka fedha kwenye mpango wa DECI, wakiambiwa wanapanda mbegu na watavuna maradufu au zaidi kwa muda mfupi, mpaka Serikali ilipousimamisha mwaka 2009. Nchini Marekani, Bernard Madoff alikamatwa Desemba 2008 baada ya kuwadanganya matajiri na taasisi kwa miaka mingi kwa faida iliyokuja karibu kila mwezi bila kuyumba. Mchambuzi mmoja wa fedha, Harry Markopolos, alikuwa ameshawaonya wasimamizi wa masoko miaka kadhaa kabla kwamba faida laini namna hiyo haipatikani kwenye soko la kweli.

Hakuna shamba linalotoa kilo zilezile kila mwaka. Mwenye mpango anayedai kwamba fedha zake huzaa kiasi kilekile kila mwezi, masika na kiangazi, aulizwe leseni yake kutoka Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana (CMSA) kabla ya kuulizwa jambo jingine lolote.

Safu sita za daftari

Kwa mwenye nia ya kununua hisa baada ya msimu, daftari la skuli lenye safu sita linatosha: tarehe, bei ya kufunga, idadi ya hisa zilizouzwa, bei ya juu ya kipindi hicho, bei ya chini, na gawio lililotangazwa. Taarifa za siku hupatikana bure kwa DSE na kwa madalali wa hisa. Afuatilie kampuni mbili au tatu kwa miezi mitatu kabla ya kutoa shilingi, na atafute pia bei za mwisho wa mwaka za miaka kumi iliyopita.

Kisha ajibu maswali matano kwa maandishi. Wastani ni ngapi, na namba ya kati ni ngapi? Bei ya leo iko karibu na kilele au karibu na chini? Kwa kawaida huwa mbali na wastani kwa shilingi ngapi? Katika siku 20 za soko, iliuzwa siku ngapi? Na mwisho, kama bei itashuka nusu mwaka ambao mikarafuu haikuzaa, nyumba itaendeshwa kwa nini?

Swali hilo la mwisho ndilo zito kwa Pemba. Mshahara wa mtumishi wa Dar es Salaam huingia kila mwezi, na anaweza kuvumilia bei iliyoanguka. Kipato cha mkulima wa karafuu tayari kina mtawanyiko mkubwa. Akiongeza juu yake akiba yenye mtawanyiko mkubwa, miaka miwili mibaya inaweza kukutana. Kwa mtu kama huyo, sehemu ya akiba inayotosha kuvukia angalau miaka miwili ya mavuno haba inafaa ikae mahali ambapo thamani yake haiyumbi na inaweza kuchukuliwa wakati wowote. Hisa zinunuliwe kwa kinachozidi hapo, na kwa mafungu badala ya mara moja, ili zisinunuliwe zote kwenye kilele.

Lipo pia suala ambalo hesabu haiwezi kulijibu. Kwa waumini wengi wa Pemba, kampuni za bia na sigara zinatoka kwenye orodha kabla ya kalamu kushikwa, na benki zinazotoza riba nazo zina maswali yake, ambayo ni ya kuwapelekea wenye elimu ya dini. Zinazobaki, kama za saruji, gesi za viwandani na huduma za viwanja vya ndege, ni chache. Uchache huo ni sababu nyingine ya kuzipima moja moja, kwa bei zake na kwa idadi ya siku zinazouzwa, kabla fedha za karafuu hazijaondoka kisiwani.